Rumanyika wa Karagwe: Mfalme aliyepaishwa na ardhi, na nchi iliyoporomoka baada yake

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

KWA msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, jina la Rumanyika huenda likamkumbusha Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 pamoja na hifadhi jirani za Burigi-Chato na Ibanda-Kyerwa mkoani Kagera. Wachache ndio wanaofahamu kwamba pori hilo limebeba jina la mtu aliyewahi kuishi, akatawala, akapokea wageni kutoka Ulaya, na akaacha nyuma yake nchi ambayo haikupata kurudi kuwa kama alivyoijua.

Mtu huyo ni Omukama Rumanyika wa Kwanza, Orugundu, mfalme wa Karagwe katika nusu ya pili ya karne ya 19. Jina lake limo katika vitabu vya wasafiri wa Kiingereza, katika simulizi za Wanyambo, na katika utafiti wa wanahistoria wa Kitanzania.

Katika miaka ya karibuni wapenzi wa fasihi wamekuwa wakizungumzia kwa wingi riwaya za tabianchi, yaani kazi za kubuni zinazoichora jamii wakati mvua zimekoma, mifugo imekufa au bahari imepanda, kisha zikauliza ni nani atakayebaki na ataanza vipi upya. Wengi huzichukulia kazi hizo kuwa ni jambo jipya lililoletwa na karne hii. Maisha ya Rumanyika yanaonyesha vinginevyo. Jamii yake ilikuwa na hadithi za aina hiyo kabla ya yeyote kufikiria kuziita riwaya, na mfalme mwenyewe alikuwa mhusika mkuu ndani yake.

Makala haya yanasimulia maisha hayo, na yale yaliyoipata Karagwe baada ya msimulizi na msimuliwa kuondoka.

Nchi ya vilima na ng'ombe

Karagwe ya Rumanyika ilikuwa kubwa kuliko wilaya inayoitwa kwa jina hilo leo. Ilienea kwenye vilima na mabonde yaliyo magharibi ya Ziwa Victoria, ikipakana kwa upande wa machweo na mto Kagera, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kitangule. Maeneo ya Kyerwa ya leo, ikiwa ni pamoja na kata ya Kibingo, yalikuwa ndani ya ulimwengu huo huo. Hata kiutawala, Kyerwa ilitengwa na Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012 tu.

Makao makuu ya mfalme yalikuwa Bweranyange, juu ya kilima kinachotazama ziwa dogo chini yake. Mandhari hayo yalimpendeza mno msafiri John Hanning Speke hata akalipa ziwa hilo jina la ziwa mojawapo la kwao Uingereza.

Ukoo uliotawala ni wa Abahinda, unaojitaja kuwa ni uzao wa Ruhinda. Simulizi zinasema kwamba Ruhinda aliichukua nchi kutoka kwa Nono mwana wa Malija, wa ukoo wa Abasita. Chini ya watawala hao waliishi wakulima wa migomba, mtama na maharage, wahunzi wa chuma, na wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha heshima, mahari na urafiki. Katika hazina ya mfalme kulikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa madini, na wageni walioziona walizieleza kwa mshangao.

Ni muhimu kulishika jambo hilo la ng'ombe, kwa maana ndilo lililokuja kuamua hatima ya nchi.

Mbio za kiti

Rumanyika alizaliwa na mfalme Ndagara, aliyefariki katika miaka ya 1850. Kifo hicho kilizua mgogoro wa kawaida katika falme za eneo la maziwa makuu, yaani ni mwana yupi anayestahili kurithi. Ndugu yake aitwaye Rogero alidai kiti kwa hoja kwamba yeye alizaliwa wakati baba yao ameshakuwa mfalme, ilhali kaka zake walizaliwa kabla.

Vita vikafuata. Rumanyika alishinda, na katika ushindi huo alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyekuwa na makao yake Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Tangu hapo milango ya Karagwe ilibaki wazi kwa wafanyabiashara wa pwani. Kituo chao kilikuwa Kafuro, si mbali na ikulu, mahali palipopita pembe za ndovu, nguo, shanga, bunduki na pia watumwa. Mmoja wa Waarabu waliojulikana sana katika njia hiyo, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa akiishi hapo hapo Kafuro.

Hiyo ndiyo historia ya kisiasa ya ushindi wake. Lakini Rumanyika na watu wake walikuwa na masimulizi mengine juu ya jinsi alivyopata kiti, na hayo ndiyo aliyopenda kuwasimulia wageni.

Ngoma ndogo na ardhi inayopaa

Kwa mujibu wa simulizi alizozinakili Speke, wazee wa baraza waliweka ngoma ndogo mbele ya ndugu watatu waliokuwa wakigombea, yaani Rumanyika, Rogero na Nnanaji. Ngoma hiyo kwa kawaida ilikuwa nyepesi kama unyoya. Kwa nguvu ya dawa zilizowekwa ndani yake ilikuwa nzito isiyonyanyulika kwa yeyote ambaye mizimu haikumkubali. Wawili walijitahidi wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Jaribio la pili lilikuwa la kutisha zaidi. Mteule alipelekwa mahali fulani katika nchi, akaketi chini peke yake. Ardhi aliyoikalia ikaanza kupanda, ikarefuka kwenda juu hata ikafika mawinguni. Kama mizimu ilimridhia, ardhi ilimteremsha polepole mpaka ikarudi ilipokuwa. Kama haikumridhia, ardhi iliporomoka ghafla, naye akaanguka na kuvunjika vipande vipande.

Rumanyika alithibitisha kwamba yeye alipitia jaribio hilo na akateremshwa salama. Speke, kwa mzaha wake wa Kizungu, alimwuliza kama huko juu alisikia baridi. Mfalme alicheka, akajibu kwamba ndiyo, alisikia baridi.

Zilikuwapo na nyingine. Ilisimuliwa kwamba mwili wa baba yake Ndagara ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa katika mtumbwi ziwani kwa siku tatu. Funza watatu waliotoka humo wakapelekwa ikulu, ambako mmoja aligeuka simba, wa pili chui na wa tatu fimbo. Ilisimuliwa pia kwamba babu yake alizikwa kilimani na simba mchanga akatoka moyoni mwake, akawa chanzo cha simba wote wa Karagwe.

Kitabu cha Speke kilichapishwa mwaka 1863, na wasomaji wake wengi walizichukulia simulizi hizo kuwa ni ushahidi wa akili za kitoto. Wasomaji hao walipitwa na jambo. Katika falme za eneo hili mwili wa mfalme na mwili wa nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mvua, maziwa, mavuno na uzazi vilitegemea uzima wake na uhalali wake. Hadithi ya ardhi inayopaa ilikuwa ni njia ya jamii kuifikiria hofu yake kubwa kuliko zote, kwamba siku moja ardhi yenyewe inaweza kumkataa mtu aliyeikalia, na kwamba anguko lake litakuwa la ghafla.

Aidha, simulizi ya funza ilibeba upande wa pili wa fikra hiyo. Kutoka katika kuoza ndimo ilimotoka nguvu mpya, yaani simba, chui na fimbo ya utawala. Maangamizi na kuanza upya vilikaa katika hadithi moja. Mtu anayesoma riwaya za tabianchi za leo atatambua umbo hilo mara moja.

Si Karagwe pekee iliyokuwa na masimulizi kama hayo. Kwa majirani zao Wahaya inasimuliwa habari ya mfalme Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba Katuruka, mahali panapohusishwa na simulizi hiyo, alikuta mabaki ya uhunzi wa chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita. Utafiti wake uliofuata ulionyesha jinsi misitu ya eneo hilo ilivyofyekwa katika karne za uhunzi huo, ambao ulitegemea mkaa. Hadithi iliyoonekana kuwa ni ndoto tupu ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya mahali, kazi na gharama yake.

Wageni wawili na mwenyeji mdadisi

Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Baada ya safari ndefu ya kudaiwa hongo na watemi na kutorokwa na wapagazi, walimkuta mtu mpole, mrefu, mwenye mazungumzo na tabasamu. Picha waliyoichora ya Rumanyika ni ya heshima kuliko ya mtawala mwingine yeyote waliyekutana naye katika safari hiyo.

Alikuwa mtu wa maswali. Alitaka kujua kama jua linalochomoza leo ni lile lile la jana au kila siku huja jua jipya. Alitaka kujua kama mwezi hubadili sura yake ili kuwacheka wanadamu walio chini. Alizungumza na wageni hao juu ya uwezekano wa kuwapeleka watoto wake Uingereza wakapate elimu.

Kila mwezi mwandamo alifanya ibada ya dola. Ngoma 35 zilipangwa, wapigaji wakazipiga kwa pamoja, na wakuu wa nchi wakaruka mbele yake mmoja mmoja kumwapia utii. Pembe kubwa iliyojazwa dawa iliwekwa ikielekea upande alikokuwa Rogero, ili kuzuia uovu wake. Mfalme aliyekwishashinda vita aliendelea kila mwezi kuigiza uwezekano wa kushindwa.

Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda kwa Kabaka Mutesa. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, alibaki Bweranyange hadi Aprili, akiuguzwa na kulishwa na mwenyeji wake. Hakuna shaka kwamba ukarimu wa Rumanyika, pamoja na ujumbe aliowatuma kwa Mutesa, ulichangia safari hiyo kufika mwisho wake, pale Speke aliposimama mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria, Julai 28, 1862.

Hadithi aliyoiacha mgeni

Hata hivyo, si Rumanyika peke yake aliyesimulia hadithi katika vikao vile vya Bweranyange. Speke naye alikuwa na yake.

Alimweleza mfalme kwamba ukoo wake ulitoka Uhabeshi, na kwamba wafalme wa Uhabeshi ni uzao wa Mfalme Daudi wa Biblia. Kisha katika kitabu chake akaipanua dhana hiyo, akidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa ni wavamizi wa asili tofauti na bora kuliko watu waliowatawala. Hakuwa na ushahidi zaidi ya sura za watu na mawazo aliyokuja nayo.

Wanahistoria wamekwisha kuikataa nadharia hiyo. Lakini kabla haijakataliwa, ilisafiri mbali. Wakoloni waliitumia, hususan nchini Rwanda, kuwagawa watu waliozungumza lugha moja kuwa wa asili mbili, na mgawanyo huo ukaandikwa katika vitambulisho. Mwaka 1994 mgawanyo huo ulitumiwa na walioandaa mauaji ya kimbari. Mwaka huo huo mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka wa mto Kagera na kuingia Ngara na Karagwe, na miti ya vilima vingi ikakatwa kwa kuni na nguzo za makazi yao.

Itakuwa ni kupita kiasi kudai kwamba kitabu kimoja kilisababisha yote hayo. Lakini si kupita kiasi kusema kwamba kati ya simulizi mbili zilizokutana Bweranyange mwaka 1861, ile iliyochekwa ilikuwa inamwonya mtawala kuwa anaweza kuanguka, na ile iliyoheshimiwa kama elimu ilikuwa inamwambia kuwa yeye ni bora kwa damu. Ya pili ndiyo iliyoleta madhara.

Mzee wa mwaka 1876

Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alifika Karagwe mapema mwaka 1876. Alimkuta Rumanyika akiwa mzee, bado mpole, bado mwenye ari ya kuonyesha nchi yake. Kulifanyika mashindano ya mashua katika ziwa lililo chini ya ikulu, mfalme akiyatazama kwa furaha. Stanley aliangalia hazina ya silaha na sanamu za madini, akazuru pia chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako wagonjwa walikwenda kuoga.

Ilikuwa ni Karagwe ya mwisho ya aina yake. Rumanyika alifariki karibu na mwaka 1880, baada ya kutawala kwa takriban robo karne. Katika muda huo aliweza kuishi kati ya Buganda yenye nguvu upande wa kaskazini, Rwanda upande wa magharibi na wafanyabiashara wenye bunduki ndani ya nchi yake, bila nchi hiyo kumezwa. Si jambo dogo. Wanahistoria wanakiri pia kwamba nguvu za Karagwe zilikuwa zikipungua taratibu katika miaka hiyo, na kwamba utulivu wake ulitegemea mno hekima ya mtu mmoja.

Ardhi ilipoporomoka

Baada yake hakukuwa na ngoma ndogo ya kuamua. Kiti kilipita mikononi mwa warithi kwa haraka. Kakoko, mmoja wa wana wa ukoo huo, anatajwa kuwaua ndugu zake wengi katika kukitafuta. Stanley alipopita tena mwaka 1889 alikuta nchi iliyogawanyika na yenye hofu.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna mganga wala mzee wa baraza aliyelitarajia.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, ng'ombe walioletwa na Waitaliano katika Pembe ya Afrika walikuja na ugonjwa wa sotoka. Ugonjwa ulishuka kusini kwa kasi ya kutisha, na kufikia mwaka 1891 ulikuwa umeshafagia eneo la maziwa makuu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki inakadiriwa kwamba kati ya kila ng'ombe kumi, tisa walikufa. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa pia. Njaa na ndui vilifuata nyuma. Wakati huo huo utawala wa Wajerumani ulikuwa unaingia, Emin Pasha akiwa ameanzisha kituo cha Bukoba mwezi Novemba 1890.

Kwa nchi ambayo heshima, chakula, ndoa na ufalme vyote vilisimama juu ya mgongo wa ng'ombe, sotoka haikuwa tu ugonjwa wa mifugo. Ilikuwa ni ardhi kuporomoka chini ya kiti.

Kilichofuata kilikuwa cha polepole zaidi lakini cha kudumu. Ng'ombe walipokwisha, majani hayakuliwa tena na moto wa wafugaji ukakoma kuwashwa kwa mpangilio wake. Vichaka vikaota. Wanyama wa porini walirudi haraka kuliko ng'ombe, na pamoja nao wakaja mbung'o, wanaoeneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Malisho ya zamani yakawa mapori yasiyokalika.

Jambo hilo lilieleweka vizuri kutokana na kazi ya John Ford, mtaalamu wa mbung'o, ambaye pamoja na R. de Z. Hall alichapisha historia ya Karagwe mwaka 1947 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtaalamu wa wadudu alilazimika kuwa mwanahistoria, kwa sababu bila kujua kilichowapata wafalme na ng'ombe wao asingeweza kueleza kwa nini mbung'o walikuwa pale walipokuwa. Baadaye Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba hali kama hiyo ilizikumba sehemu nyingi za Tanganyika. Mapori ambayo wageni waliyaona kuwa ni Afrika ya asili isiyoguswa, mara nyingi yalikuwa ni makaburi ya uchumi wa watu.

Israel Katoke naye, katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyotoka Nairobi mwaka 1975, aliirudisha habari hiyo mikononi mwa Wanyambo wenyewe, akiwasikiliza wazee na kuyapima maneno yao.

Kuanza upya bila mfalme

Hadithi za zamani zilikuwa zimefikiria anguko la mfalme. Hazikufikiria kijidudu kilichoshuka kutoka melini, maelfu ya kilomita mbali. Huo ndio upungufu wake, na haifai kuuficha.

Lakini Karagwe haikufa. Mgomba, uliokuwa chakula cha wakulima, ukawa nguzo ya wote. Kahawa, ambayo tangu kale ilichemshwa na kutafunwa na kutolewa kwa mgeni kama ishara ya undugu, ikawa zao la fedha katika karne ya 20. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na kiti cha Abahinda kikabaki katika kumbukumbu. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kutokomezwa na mwanadamu.

Nayo mapori yaliyoota juu ya malisho ya Rumanyika yalitengwa kuwa mapori ya akiba, na hatimaye mwaka 2019 yakawa hifadhi za taifa. Mfalme wa ng'ombe amekuwa jina la nchi ya wanyama wa porini. Mtunzi wa riwaya asingeweza kubuni mwisho wa ajabu kuliko huo.

Majaribu hayajaisha. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria wa migomba ulibainika mkoani Kagera na kusambaa katika wilaya zake. Kwa kaya ambayo mgomba ni chakula, kivuli, pombe na ada, habari hiyo ilikuwa na uzito ule ule wa habari ya sotoka mwaka 1891. Mkulima alifundishwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kusafisha vifaa kwa moto au dawa, na kung'oa shina zima linapougua. Somo kubwa lilikuwa kwamba hakuna anayeliokoa shamba lake peke yake, maana ugonjwa hauheshimu mpaka wa jirani.

Juu ya hayo yamekuja mabadiliko ya tabianchi. Eneo hili lina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na kalenda yote ya kilimo imejengwa juu yake. Msimu unapochelewa au kukatika mapema, anayeumia kwanza ni mkulima wa maharage na migomba wa mahali kama Kibingo, na anayefuata ni mlaji wa mjini anayeuliza kwa nini mkungu wa ndizi umepanda bei.

Nani atasimulia?

Fasihi ya Kiswahili haikosi mifano ya kuibuni jamii nzima ili kuihoji. Shaaban Robert aliiumba Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, nchi isiyokuwepo ambayo kila msomaji aliitambua. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe ng'ambo ya ziwa hilo hilo, aliandika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiipeleka hadithi hadi ukingo wa maangamizi ya dunia na kuuliza kinachobaki baada yake. Riwaya ya mvua iliyokoma Karagwe, au ya migomba iliyonyauka, ingekuwa na ukoo mzuri wa kujiunga nao.

Ingekuwa pia na babu yake Bweranyange. Rumanyika hakuandika kitabu. Alichokifanya ni kukubali kuwa ndani ya hadithi iliyosema kwamba ardhi inamwangalia aliyeikalia, na inaweza kumwangusha. Leo hakuna Omukama wa kubebeshwa jukumu la mvua. Misitu, vyanzo vya maji na mabonde ya Kagera vimo mikononi mwa halmashauri, wizara, mashirika ya hifadhi, wafugaji wanaotafuta malisho na wakulima wanaotafuta shamba jipya.

Kwa maneno mengine, wanaoketi sasa juu ya ardhi ile inayopaa ni wengi, na wapiga kura wa mijini wamo miongoni mwao. Simulizi ya Wanyambo haikuacha nafasi ya mtu kutazama jaribio hilo akiwa pembeni.